Samaki wa Kukaa Pamoja

Basi la Kampala lilikuwa limeingia muda si mrefu, na pale kwenye ofisi za mabasi mjini Kasese hapakuwa na pa kukanyaga. Wapagazi walikuwa juu ya paa wakishusha magodoro, waendesha boda walikuwa wakigombania abiria kwa kuwavuta mikono, na jua la Kasese, ambalo halina adabu hata asubuhi, lilikuwa limeshaanza kuchoma visogo. Docus Amoding alisimama ukingoni mwa vurugu hiyo na ndoo mpya mkononi. Alikuwa ametoka dukani kuinunua, akakuta watu wameziba njia, akasimama. Hakukasirika wala hakutafuta njia nyingine. Siku hizo Docus alikuwa hivyo: ukimzuia anasimama, ukimwachia anakwenda.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, karani wa mapokezi katika hoteli moja ya mjini. Sketi nyeusi, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka kola ikasimama, nywele zimesukwa mistari ya kurudi nyuma. Aliyempita angesema, huyu dada anajipenda. Asingejua kwamba blauzi ile ilipigwa pasi na mikono tu, mwenyewe hakuwepo.

"Mama! Mama wa ndoo! Nisaidie, tafadhali!"

Mwanamume alichomoka katikati ya watu akiwa amekumbatia boksi jeupe la povu gumu. Maji yalikuwa yanachuruzika chini ya boksi, yamelowesha shati lake la zambarau, yamelowesha suruali, yameingia mpaka kwenye viatu vyake vilivyochongoka mbele na kung'aa kama vya bwana harusi.

"Unataka nini?" Docus aliuliza.

"Ndoo. Iko mupya?"

"Nimeinunua sasa hivi."

"Haijaona sabuni?"

"Itaona sabuni wapi? Nimekwambia sasa hivi."

"Mungu akubariki. Shika hapa!"

Kabla Docus hajajibu, boksi lilikuwa limefunguliwa na mifuko ya plastiki imekatwa kwa meno, na ndoo yake ikajaa maji. Ndani ya maji yale palikuwa na samaki wawili wadogo, rangi ya chungwa, na mistari myeupe iliyochorwa kama kwa chokaa. Watu wakaanza kusogea. Mmoja akauliza kilo ni ngapi.

"Si ya kula," mwanamume akasema, anahema. "Ya kuangalia. Beko batu ba bahari, watu wa bahari hawa. Wametoka Mombasa."

"Kuja mpaka hapa?" Docus akauliza.

"Mpaka Bwera, kwangu. Mimi naitwa Kataliko. Niko klaringi, natoa mizigo ya watu forodhani, pale mupakani. Nipe namba yako, mama, nitarudisha ndoo."

Docus akamtajia namba jinsi anavyomtajia mgeni namba ya chumba. Halafu akarudi dukani kununua ndoo nyingine, na alipofika kazini alikuwa ameshamsahau yule mtu.

Hakuwa mkaidi wala mwenye maringo. Mumewe, Koplo Kakuru, alikuwa amekufa ng'ambo ya mpaka akiwa kazini. Habari ilifika kambini mchana, Docus akiwa anakaanga vitunguu. Afande aliyetumwa alisema aliyoyasema, na alipomaliza Docus alijibu, "Sawa, afande," akarudi jikoni akazima jiko ili vitunguu visiungue. Kwenye mazishi, kwao Kakuru huko Karusandara, hakutoa chozi. Mama mkwe alijigaragaza, mashemeji walilia mpaka sauti zikakauka, yeye alisimama akiwa ameshika mfuko wa mkate ambao mtu alimpa amshikie. Maneno yakaanza. Wakasema ana roho ya jiwe. Wengine wakasema labda alikuwa na mwingine. Docus aliyasikia yote na hayakumwuma. Alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi na daktari wa meno, ila ganzi ile ilikuwa imeshuka ikaenea mwili mzima, na sindano ilikuwa ya zamani sasa, mwaka na zaidi.

Kwa hiyo Kataliko alipopiga simu jioni ya siku ile ya ndoo, alikutana na sauti ya mtu aliyesimama mlangoni bila kufungua.

"Haloo, mama wa ndoo."

"Nani?"

"Umeshanisahau! Mi' Kataliko. Ndoo yako inakusalimia."

"Ndoo haisalimii."

"Hii inasalimia. Imeketi na samaki siku moja tu, imeshajua adabu. Unaitwa nani, kipenzi?"

"Docus. Usiniite kipenzi."

"Sawa, afande! Mbona unaongea kama uko kwenye paredi?"

"Nimezaliwa kambini," Docus akasema. "Baba alikuwa sajenti. Kiswahili chetu ni hiki hiki."

Ilikuwa kweli. Baba yake alitoka Teso na kupangiwa kazi huku magharibi, na Docus alijifunza lugha kwa watoto wa makabila yote waliokuwa wakicheza nyuma ya mabweni. Kilugha cha Kataliko, Kikonzo, hakukijua. Cha kwao Docus, Kataliko naye hakukijua. Wakabaki na Kiswahili, yeye cha amri, mwenzake cha mpakani.

Simu zikawa zinakuja kila jioni. Kataliko alisimulia lori lililokwama Mpondwe na nyanya zikaoza, akasimulia Mkongomani aliyetaka kuvusha mbuzi amevikwa koti. Docus alisikiliza. Hakucheka, ila hakukata simu. Musimenta, mfanyakazi wa usafi pale hotelini, mwanamke mnene wa Rukoki asiyeweza kuona jambo akanyamaza, alimwuliza siku moja, "Huyo anayekupigia saa hizi ni nani?"

"Mtu wa ndoo."

"Ndoo gani inaongea nusu saa?"

Musimenta ndiye aliyemsukuma aende Bwera. Ijumaa Docus alikuwa na mapumziko, na Musimenta alimletea gauni la kitenge cha manjano alilokuwa ameshonewa zamani kabla hajanenepa. Docus alilivaa kwa sababu lilikuwa limetandikwa kitandani.

Bwera siku ya soko haikupi nafasi ya kufikiri. Malori yalikuwa yamepanga mstari mpaka mpakani, wanawake wa Kongo walikuwa wanavuka na mabeseni ya mawese kichwani, na muziki wa gitaa ulikuwa unatoka kila duka, kila duka na wimbo wake. Kataliko alimpokea barabarani. Shati lilikuwa la kijani safari hii, viatu ni vilevile.

"Eh, mama! Umevaa jua!" akasema.

"Gauni ni la mtu."

"Lakini mwenye kuvaa ni wewe."

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya stoo za kahawa, vyumba vitatu, na sebuleni hapakuwa na televisheni wala kabati la vyombo. Palikuwa na tangi la kioo lililochukua ukuta mzima. Docus alisimama mlangoni. Ndani ya tangi kulikuwa na mawe yenye rangi ya zambarau, matumbawe yaliyokuwa yanapepea kama nyasi chini ya upepo, na samaki wakipita kati yake bila haraka. Sauti pekee ilikuwa ya pampu. Docus aliketi bila kukaribishwa, akaangalia, na chai ikapoa.

Kataliko alikuwa mtu wa miaka karibu arobaini. Aliwahi kukaa Mombasa akijifunza kazi ya forodha, akarudi na ugonjwa huu. Mwanamke aliyeishi naye alirudi kwao Butembo, na siku ya kuondoka alimwambia achague, samaki au yeye. "Sikuchagua haraka," Kataliko alimwambia Docus. "Hiyo ilikuwa jibu."

Kisha akamweleza jambo jingine alilokuwa akingoja kumwambia. Bosi wa hoteli ya Docus alikuwa amesikia habari za tangi, akaja kuliona, akataka la kwake pale mapokezi, wageni walione wakiingia. Alitaka hata kupunguza gharama kwa kutumia chumvi ya Katwe, kwa kuwa Katwe ni hapa karibu.

"Nikamwambia, bosi, ya Katwe ni ya ng'ombe na ya sufuria. Ukiitia humo, kesho unafanya maziko. Kuna chumvi yake, inakuja na gunia. Sasa, wewe ndiye utakaa mbele ya hawa samaki kila siku. Chagua wewe."

Akampa simu. Picha zilikuwa za mfanyabiashara wa Kampala, samaki mmoja mmoja na rangi zake. Docus alianza kuonyesha kwa kidole kama mtu anayechagua nyanya.

"Huyu."

Alikuwa samaki mwenye mistari ya kahawia na mapezi marefu kama manyoya ya jogoo.

"Huyo ni mwenye miiba. Muzuri, mupole, hana maneno. Lakini kila kinachoingia kinywani anameza. Utalala na samaki saba, utaamka na mmoja aliyeshiba."

"Basi huyu wa buluu. Mdogo."

"Mdogo, ndiyo. Na bei yake rahisi. Lakini ukimtanguliza huyo, tangi lote ni lake. Atapiga kila anayekuja nyuma, hata mukubwa kuliko yeye. Huyo anaingia wa mwisho kabisa, ama haingii."

"Kama mke wa afande," Docus akasema.

Kataliko alicheka mpaka akashika ubavu. Docus alimwangalia, hakujua kama alikuwa amesema kitu cha kuchekesha.

"Na huyu wa manjano na nyeusi, kama kipepeo?"

"Hagombani na mutu. Anakula matumbawe. Anakula nyumba yenyewe. Unaona sasa? Samaki wa kukaa pamoja huchagui kwa sura. Unauliza: anakula nini, analala wapi, akikasirika anafanya nini. Halafu unauliza nani aingie kwanza. Wapole kwanza, wajue kona zao. Wakali nyuma."

Wakachagua hivyo, taratibu, mchana wote. Wawili wa rangi ya chungwa, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, kwa sababu wakilingana watapimana nguvu. Kisha samaki mdogo wa mchangani anayekaa na kamba shimo moja: kamba haoni vizuri, kazi yake kuchimba, samaki anakaa mlangoni kuangalia hatari, na kamba anamgusa kwa sharubu zake wakati wote ili ajue kama mambo ni salama. Docus alirudia kuuliza kuhusu hao mara mbili. Wakaongeza mwekundu mmoja mpole na wadogo wachache wasiogombana. Mwisho akaonyesha samaki wa manjano aitwaye kangaja, mwembamba kama sahani iliyosimamishwa.

"Huyu naye ana shida gani?"

"Ana kisu mukiani. Wawili watakatana. Mmoja peke yake ni sawa, lakini anataka nafasi na hewa nyingi. Unamtaka?"

Docus alifikiri. Ilikuwa ni muda mrefu tangu mtu amwulize anataka nini. "Mweke," akasema.

"Na wewe, Docus, ungekuwa humu ungekuwa nani?"

"Jiwe."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja kazi yake. Kataliko hakucheka. Akasogea karibu na kioo.

"Jiwe humu ni hai," akasema. "Limejaa vidudu visivyoonekana, ndivyo vinasafisha maji. Ukitoa mawe, wote wanakufa."

Docus aliinama akalitazama jiwe moja la zambarau. Akarudi Kasese na ndoo yake, na Ijumaa iliyofuata alikwenda tena Bwera bila kusukumwa, na iliyofuata pia. Kataliko akawa anamwita Jiwe langu. Akamshika mkono siku moja sokoni, kuvuka barabara kati ya malori, na walipovuka hakuuachia. Docus aliuacha mkono wake pale. Alimweleza habari za Kakuru, za vitunguu, za mfuko wa mkate, za maneno ya watu, na alimweleza kwa sauti ileile anayotumia kusema saa ya kifungua kinywa. Kataliko alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole, mpenzi." Hakuongeza.

Tangi la hotelini likawekwa. Samaki wakaingia kwa zamu, kangaja karibu na mwisho. Wageni wakawa wanapiga picha, bosi akawa anapita kila saa akijisifu. Kabla ya kuondoka Kataliko alimwambia Docus, "Stima ikipotea, usiogope njaa yao. Hawafi njaa. Wanakufa kukosa hewa."

Mvua kubwa ikanyesha milimani. Mto ukashuka na magogo, ukaangusha nguzo za stima, na Kasese ikaamka kimya. Hotelini jenereta iliwaka kidogo, ikakohoa, ikafa. Bosi alikuwa Mbarara. Simu ya Docus ilikuwa imeisha chaji tangu usiku, na namba ya Kataliko ilikuwa ndani ya simu hiyo. Kichwani hakuwa nayo. Pampu zilikuwa zimenyamaza. Docus aliinama akaona samaki wa mchangani anapumua kwa haraka, na kangaja yuko juu, mdomo wake umegusa hewa.

Akachukua jagi la maji ya kunywa. Akachota maji ya tangi, akayainua, akayamwaga kutoka juu ili yaingie na hewa. Akachota tena. Alianza saa ya chai ya asubuhi. Mgeni akija anamwandikia, anampa ufunguo, anarudi kwenye jagi. Chakula cha mchana kilipita. Mkono wa kulia ulipokufa alihamia wa kushoto. Musimenta alijitolea kumpokea, akachota kidogo, akalalamika mgongo, akarudi kwenye ufagio. Kangaja alilala ubavu, akazama. Docus alimwangalia akizama, akaendelea kuchota. Giza lilipoanza kuingia stima ikarudi, pampu zikakohoa na kuanza, na ndani ya tangi waliobaki hai walikuwa wale wawili wa rangi ya chungwa na yule wa mchangani na kamba wake. Docus alikausha sakafu, akakabidhi zamu, akaenda kulala. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepauka na kuchanika kwa chumvi. Hakuona kama kulikuwa na kitu cha kusimulia.

Kataliko alifika kesho yake mchana akitoka ng'ambo, kwa mzigo uliokuwa umekwama Kasindi. Aliingia mapokezi anatabasamu, akaona tangi, tabasamu likamwisha.

"Kangaja iko wapi?"

"Amekufa."

"Na yule mwekundu? Na wale wadogo?"

"Wamekufa. Stima ilipotea."

"Ilipotea saa ngapi? Docus, mbona hukunipigia?"

"Simu ilizima."

"Simu za watu hazikuwepo?"

Jibu lilikuwepo, tena rahisi, lakini kulitoa kulikuwa kama kunyanyua gunia. Alikuwa amesimama nyuma ya meza, kola imesimama, mikono ameiweka chini isiyoonekana. Uso wake haukuwa na kitu. Kataliko aliutazama uso huo, na hasira ya mtu aliyewapenda samaki wale ikampanda.

"Umesimama hapa ukaangalia wanakufa," akasema. "Hata sasa unaniambia kama unaniambia chumba kimejaa. Kumbe ni kweli vile banasema. Uko na roho ya jiwe. Hata mume wako ulimwangalia hivyohivyo."

Mgeni aliyekuwa anasubiri ufunguo aliangalia pembeni. Docus akasema, "Chumba namba ngapi, mzee?" Akampa mgeni ufunguo. Alipoinua macho, Kataliko alikuwa ameshatoka.

Simu za jioni zikakoma. Docus hakushangaa, alijua watu huondoka. Kilichomshangaza kilikuja Jumapili, akiwa anaanika nguo nyuma ya chumba chake cha kupanga, Rukoki. Alikuwa na shuka mikononi wakati lile neno liliporudi, sauti na yote, *hata mume wako*, na kifuani kitu kikamchoma. Alisimama. Kikachoma tena. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi, unapoanza kuamka na kila mshipa unatembea sindano. Aliketi juu ya jiwe la kufulia akiwa na shuka mapajani, akangoja lile neno lipite. Halikupita. Usiku halikupita, na kesho kazini alikosea kumrudishia mgeni chenji, yeye ambaye hakuwahi kukosea.

Yaliyotokea hotelini wiki ile Docus alikuja kuyasikia baadaye. Bosi alikuwa amemwita Kataliko aje kurekebisha tangi, siku ambayo Docus hakuwa zamu. Kataliko alikuwa amepiga magoti akipima maji, akasema kwa kunong'ona kwamba ni ajabu hawa wachache walibakije, kwa maji ya siku nzima bila pampu walipaswa kuisha wote. Musimenta alikuwa anapiga deki. Akasimamisha ufagio.

"Walibakije? Unauliza walibakije? Ulidhani ni Roho Mtakatifu?"

"Una maana gani, mama?"

"Yule binti alichota maji na jagi toka asubuhi mpaka jioni! Hakula. Hakukaa. Mimi nimechota dakika mbili mgongo ukalia. Mikono yake ilitoka ngozi! Na wewe ukaja na viatu vyako vya ncha ukamtukana mbele ya wageni. Toa goti lako hapo, nataka kupiga deki."

Kataliko alifika Rukoki jioni hiyohiyo kwa boda, jua bado liko juu ya milima. Docus alikuwa nje anachambua maharage kwenye ungo. Alivaa fulana ya zamani ya jeshi na leso kiunoni. Kataliko alisimama mbali kidogo, kama mtu aliyefika kwenye nyumba yenye mbwa.

"Docus."

"Karibu."

"Naomba nione mikono yako."

"Ya nini?"

"Naomba."

Akaionyesha. Vidonda vilikuwa vimekauka, vimebaki magamba kwenye vifundo. Kataliko alichuchumaa mbele yake, hakuigusa.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza hivyo. Uliuliza mbona sikupiga simu."

"Nimekukosea. Sina la kujitetea. Nilisema neno ambalo mutu hasemi. Ukiniambia niondoke, nitaondoka, na Musimenta ameahidi kunipiga na ufagio nikipita mjini."

Docus aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe dogo, akatupa punje iliyooza. Kataliko alingoja. Mwishoni Docus akauweka ungo chini.

"Neno lako liliniuma," akasema.

"Najua, mpenzi, nisa..."

"Hujui. Ngoja, nimalize." Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. "Nimezika mume, haikuniuma. Watu wamenisema, hawakuniuma. Baba amenipigia simu analia kwa ajili yangu, mimi namwambia sawa, baba. Nilidhani nimekwisha. Halafu wewe umesema neno moja, na wiki yote siwezi kulala, linauma hapa. Sasa mimi sijui. Sijui nikushukuru au nikupige."

Kataliko alisogeza uso mbele. "Anza na kunipiga," akasema.

Docus akampiga. Halikuwa kofi la mapenzi, lilikuwa kofi la mtoto wa sajenti, na boda aliyekuwa anasubiri nauli barabarani alisema "Eeh!" Kataliko akashika shavu. Macho yalimjaa maji. Docus aliangalia kiganja chake.

"Na kushukuru?" Kataliko akauliza.

"Hiyo bado."

Alimpa stuli. Alimpikia maharage. Walikula bila maneno mengi, na alipoondoka Docus alimwambia apige simu akifika, akakaa na simu mkononi mpaka ikalia.

Kataliko hakungoja sana. Siku chache baadaye, wakiwa Bwera mbele ya tangi lake, alisema anataka wakae pamoja, kwa ndoa, kanisani, na kila mtu aone.

"Mimi bado niko hivi," Docus alimwambia. "Siku moja nasikia, siku tatu sisikii kitu. Ukioa leo unaweza kuoa ile siku ya kutosikia."

"Nimeshaionja. Ile ya kofi tu ndiyo sijazoea."

"Sitanii, Kataliko. Sijui kama ninakupenda vile unataka."

"Mimi sijakuuliza unipende vipi. Nimeuliza kama utakaa."

Docus aligeuka kutoka kwenye kioo. "Kwanza twende Karusandara," akasema. "Mama yake Kakuru asisikie kwa watu."

Walikwenda Jumamosi. Mama Kakuru alikuwa mjane wa mchimba shaba wa Kilembe, Kiswahili chake ni cha mgodini, kifupi na cha kelele. Walimkuta amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi kwa vidole. Hakuinuka. Alimwangalia Kataliko kuanzia shati mpaka viatu, akamwangalia Docus.

"Ni huyu?"

"Ni huyu, mama."

"Siku tulimzika mwanangu, wewe hukulia," mama akasema. "Nilikuchukia. Nilikuchukia sana. Nilisema huyu mwanamke alikula nyumba yangu tu."

"Najua, mama."

"Leo mbona unatetemeka?"

Docus aliangalia mikono yake. "Naogopa," akasema. "Naogopa utanifukuza."

Mama Kakuru alivuta gunzi moja. Akalipukuchua mpaka likaisha, akalitupa, akajifuta macho kwa upindo wa leso, kwa hasira, kama anayefukuza nzi.

"Nikufukuze uende wapi?" akasema. "Kuku yuko kule nyuma, yule mweusi. Nenda umchinje. Na wewe wa viatu, kaa hapa, kazi iko."

Docus alikwenda nyuma akamkamata kuku, akachinja, akachemsha maji, akaanza kunyonyoa. Machozi hayakuja. Kutoka pale jikoni alimsikia Kataliko akilalamika kwamba mahindi yanamkata vidole, na mama akimwuliza kama Bwera hakuna mahindi. Kisha mama akasema kitu kwa sauti ya chini, Kataliko akajibu, na wote wawili wakaangua kicheko kikubwa, mama akipiga mkeka kwa kiganja.

Docus alisikiliza. Walicheka tena. Aliacha kuku ndani ya sufuria, mikono imejaa manyoya, akatoka nje kuuliza wanacheka nini.